Daftari la Wazazi: Maneno Yaliyosemwa mbele ya Waalimu na Wakristo wa Musoma, Bunda na Butiama



Nimeagizwa kusema juu ya akina mama wanaowasindikiza wenzao siku za kuzaa, na jinsi ipasavyo kuihesabu kazi yao na kuwapa watu habari zake. Neno hesabu limewafanya wengine wenu wakunje nyuso, nimewaona. Mlitumaini kusikia habari za Mapadre wa kwanza waliofika Nyegina mwaka 1911, na za matofali, na za kengele. Hizo mmekwisha kuzisikia asubuhi, na jioni mtazisikia tena. Nivumilieni saa hii moja.

Kwanza yafaa tuijue kazi yenyewe. Mama msindikizaji si mkunga, wala si mwuguzi. Hakati kitovu, hatoi dawa, wala hathubutu kusema, Ngoja hata kesho. Kazi yake ni kukaa. Hukaa na mwenye uchungu toka mwanzo hata mwisho, humsugua mgongo, humnywesha maji, humtembeza, humwambia mwuguzi neno ambalo mwenyewe kwa maumivu hawezi kulisema. Kabla ya siku ile humkumbusha kwenda kliniki, huwashauri watu wa nyumbani waweke akiba ya nauli. Na baada ya kuzaa hurudi kumtazama mzazi na mtoto. Ng'ambo humwita dula. Neno hilo ni la Kiyunani, na maana yake ni mjakazi, mwanamke atumikaye. Katika Injili ya Luka, iliyoandikwa kwa Kiyunani, Bikira Maria alijiita kwa neno hilohilo alipomjibu malaika. Kisha akaondoka, akaenda nchi ya milima kwa jamaa yake Elisabeti, aliyekuwa na mimba uzeeni, akakaa kwake yapata miezi mitatu. Sisi tunaosali Rozari twaitaja safari ile mara nyingi, walakini sidhani kama twafikiri alikuwa akifanya nini kule miezi yote mitatu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Bibi zetu hawakuzaa peke yao. Nyumba ilijaa wanawake. Ila ilikuwapo hatari kubwa, maana damu ikizidi kutoka, wingi wa wanawake haukuweza kuizuia. Basi tukafundishwa kwenda hospitali, na mafundisho hayo yalikuwa mema. Lakini mara nyingi, tulipowapeleka akina mama ndani, wale wanawake wengine tuliwaacha nje ya mlango. Chumba chembamba, vitanda karibu karibu, pazia hakuna: mwuguzi alikuwa na sababu yake. Kumrudisha mwanamke mmoja ndani ya mlango ule, awe karibu na mwenzake huku mganga na mkunga wakifanya kazi yao, ndiyo shabaha ya mpango wote.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Miaka michache iliyopita nalikuwa mwandishi wa daftari katika parokia moja ya upande wa Butiama. Akina mama wasindikizaji walinijia kila Jumapili baada ya Misa, nami nikaandika: jina la mama, kigango chake, siku aliyojifungua, mahali, hali ya mtoto. Mwaka ulipokwisha nikajumlisha, nikaona furaha: wote waliosindikizwa walikuwa hai. Tukakusanyika kigangoni, nikasimama chini ya mwembe na karatasi yangu, nikasoma ya kwamba kati ya akina mama wetu hakuna aliyefariki. Watu wakapiga vigelegele.

Vigelegele vilipotulia akasimama bibi mmoja, mtu mzima sana, akasema, "Mwalimu, mke wa mwanangu hukumsoma."

Nalimjua. Mke wa mwanawe alikuwa amefariki wakati wa masika, usiku, juu ya pikipiki, kabla hajafika hospitali. Msindikizaji wake usiku ule alikuwa kwa mama mwingine. Nikamjibu bibi kwa upole, nikasema ya kwamba marehemu hakusindikizwa, na kwa hiyo hakuwamo katika hesabu.

Akaniuliza, "Basi alikuwamo katika nini?"

Sikuwa na jibu. Karatasi yangu haikuwa na uongo hata mmoja, na kila mtu chini ya mwembe ule alijua kuwa haikusema kweli. Nalitunga daftari ambalo mtu huingia humo akiisha kufaulu. Mwanamke aliyekosa msaada, yaani yule hasa ambaye kazi yetu ilikuwa kwa ajili yake, hakuwa na ukurasa.

Waalimu mtalielewa jambo hili upesi. Mwalimu akiandika rejista ya darasa siku ya mtihani wa mwisho, akawaandika waliofika tu, ataweza kujisifu ya kwamba hakuna mtoto aliyeacha shule. Rejista huandikwa mwezi wa kwanza. Na jina likiisha kuandikwa, sharti ueleze limekwenda wapi. Vivyo hivyo na daftari la wazazi. Mwanamke aandikwe mara mimba ijulikanapo, akikubali, awe anataka msindikizaji au hataki, awe karibu na barabara au kisiwani. Tangu hapo mstari wake sharti ufike mwisho wake, uwe wa furaha au wa kilio. Tena mwisho wenyewe si siku ya kuzaa. Waganga wa dunia yote wamepatana ya kwamba kifo cha uzazi ni kile kitokeacho mimba ikiwapo au katika siku 42 baada ya mimba kwisha, kwa sababu ya mimba yenyewe au kwa jambo ambalo mimba imelizidisha. Basi anayefunga daftari mtoto aliapo ameacha wiki sita za hatari bila kuzitazama.

Kanisa lenyewe lingeweza kunifundisha hayo kama ningalitazama kabatini. Vitabu vya parokia huandika ubatizo, ndoa na maziko. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alibatizwa Nyegina mwaka 1943 akiwa kijana mwenye elimu. Lakini mtoto mchanga aliyebatizwa kwa haraka katika hatari ya kufa, kwa mkono wa mwanamke yeyote aliyekuwa karibu, yeye pia apasiwa kuandikwa, hata kama aliishi nusu saa. Sheria ya kitabu cha ubatizo haiulizi kama maisha yale yaliendelea vizuri.

Wenye elimu nao wamepata taabu hiyohiyo. Mwaka 1980 zilitangazwa habari za uchunguzi uliofanywa nchini Guatemala, katika Amerika ya Kati. Wanawake wengine walizaa kwa desturi ya hospitali, peke yao. Wengine walipewa mwanamke wa kukaa nao, asiye mwuguzi, ambaye hawakumjua kabla. Waliokuwa na mwenzao walikaa hospitalini kwa wastani wa saa 8.8 hata kujifungua. Wasiokuwa naye saa 19.3. Habari hiyo ilienea duniani. Lakini mimi napenda zaidi hesabu nyingine iliyo katika karatasi ileile. Wachunguzi walitaka kupata wanawake 20 kila upande ambao uzazi wao haukuwa na matatizo. Upande wa wenye mwandani iliwalazimu kuwapokea 33 ili wawapate hao 20. Upande wa wasio na mwandani iliwalazimu kuwapokea 103. Kama wangaliwaandika wale 20 kwa 20 peke yao, tusingalijua habari za wale walioachwa nje ya jumla. Na pengine habari kubwa kuliko zote ilikuwa kwao.

Baada ya hapo nchi nyingi zilijaribu. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio ya namna hiyo kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Wakaona ya kwamba aliye na mtu wa kukaa naye daima aelekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, apasuliwa mara chache zaidi, uchungu wake wapungua kwa muda wa dakika kama 40, na hanung'uniki sana juu ya jinsi alivyotendewa. Dakika 40, wala si saa kumi kama kule Guatemala. Yafaa tuseme hivyo bila kuona haya. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri kila mwanamke awe na mwandani amchaguaye mwenyewe. Na katika nchi yetu, huko Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai lilijaribu jambo hili katika vituo vya Serikali. Huko zaidi ya wanawake wanane katika kila kumi walipata msindikizaji, na walipoulizwa, wengi wao kuliko wale wa vituo vingine walisema ya kuwa wauguzi waliwatendea kwa wema. Nalilistaajabia hilo la mwisho. Yamkini mwuguzi naye, aliye peke yake usiku na wazazi watano, hupata nafuu akimwona mtu mwingine ameshika mkono.

Sasa mtasema, Basi yamekwisha kujulikana, sisi twahesabu nini tena? Twahesabu kwa sababu yaliyojulikana Kigoma hayatuambii kama mama wa kisiwa cha Rukuba alipata chombo cha kuvukia, wala kama mlango wa wodi ulifunguliwa kwa msindikizaji wa Bunda.

Hapa sharti niseme neno juu ya vifo, maana ndiyo hesabu ambayo kila mtu huitaka kwanza, nayo ndiyo idanganyayo wepesi wa kufurahi. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya wazazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Neema kubwa! Lakini fanyeni hesabu pamoja nami, waalimu. Parokia yenye vizazi 200 kwa mwaka, kwa kadiri ile ya zamani, ingeomboleza mzazi mmoja karibu kila mwaka. Kwa kadiri hii ya sasa, mmoja katika miaka kama mitano. Basi parokia ikikaa miaka mitatu bila kifo haijui bado kama ni kazi ya wasindikizaji wake au ni hali ya kawaida tu. Na parokia ikipata misiba miwili katika mwaka mmoja, isiwahukumu wanawake wake upesi kwa hesabu hiyo. Wala msisahau watoto: katika uchunguzi huohuo, waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 25 katika kila 1,000, na miaka kama sita baadaye 24. Hesabu moja imeruka kama swala, nyingine imekaa palepale. Anayesoma ya kwanza peke yake kwenye sherehe anafanya kama nilivyofanya mimi chini ya mwembe.

Tena mwajua hesabu ile ya nchi hupatikanaje? Watu huulizwa nyumbani habari za ndugu zao wa tumbo moja: dada zako ni wangapi, nani yu hai, nani alikufa, na alipokufa alikuwa na mimba au amezaa karibuni? Jumla ile kubwa ya Tanzania imetoka vinywani mwa ndugu. Yule bibi wa kwetu alikuwa anafanya kazi hiyohiyo, bila kutumwa na mtu.

Kwa kuwa vifo vyenyewe ni vichache katika eneo moja, twapaswa kuandika mambo yaliyo mengi zaidi na yatokeayo mapema. Mwaka 1994 wanawake wawili wataalamu, Serene Thaddeus na Deborah Maine, waliandika ya kwamba mzazi huchelewa mara tatu: nyumbani, watu wakishauriana, njiani, na hospitalini penyewe, akingojea kuhudumiwa. Nimeona hayo yatosha kwa daftari letu. Uchungu ulianza saa ngapi, na aliondoka nyumbani saa ngapi? Nani alitoa ruhusa? Alikwenda kwa chombo gani? Je, ilipigwa simu 115 ya mpango wa M-Mama, ambao ulizinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022 ili wazazi na watoto wachanga walio hatarini wapelekwe bila malipo? Alipofika, msindikizaji aliruhusiwa kuingia, na kama alizuiwa, kwa maneno gani? Mwandishi mmoja wa upande wa Bunda alikuwa akiandika "hakuingia" tu. Nilimwomba aandike maneno aliyoambiwa, maana "hakuna nafasi" ni jambo la fundi seremala na pazia, lakini "toka hapa" ni jambo jingine.

Habari za wodini zisibuniwe. Wauguzi wana kitabu chao cha MTUHA, namba 12, kiandikwamo kila uzazi. Mara kwa mara mwandishi wetu na mwuguzi wakae pamoja, kwa idhini ya mkubwa wa kituo, walinganishe jumla. Zikitofautiana, wasipatane upesi ili waende nyumbani kula. Tofauti ile ina mtu ndani yake.

Lipo swali moja ambalo msindikizaji asiliulize yeye mwenyewe: Je, alikusaidia? Nani katika Mara atamwambia mgeni aliyekaa naye usiku kucha, Hapana, ulinichosha kwa maneno? Adabu yetu haituruhusu. Basi aende mama mwingine, wa kigango kingine, baada ya wiki kadhaa, akae, anywe uji, aulize pole pole, wala asiandike mbele ya mama mkwe. Aulize pia kama alitukanwa au kupigwa, na nani. Hata kama ni msindikizaji wetu.

Nawasihi pia viongozi msitoe zawadi kwa msindikizaji kwa hesabu ya wazazi aliowafikisha. Nia ni njema, lakini mtaona wale wa karibu na barabara ya Musoma na Bunda wanagombewa, na mwanamke wa mlimani, mwenye safari ya saa nne, hapati mtu. Mwisho wa mwaka mtalinganisha waliosindikizwa na wasiosindikizwa, mtastaajabu jinsi wa kwanza walivyo heri, kumbe mmelinganisha barabara na mlima.

Wengine wameniambia ya kuwa wazee hukataza kuhesabu watoto, na mimba hasa, na ya kuwa Mfalme Daudi aliadhibiwa kwa kuwahesabu watu. Siwacheki. Daudi aliwahesabu wenye kushika upanga, apate kujua ukubwa wa nguvu zake, na mimi nikikumbuka karatasi yangu ya kwanza naona nilifanana naye. Hofu ya wazee ina sababu nyingine pia: mtu huogopa jambo lake kuwa neno la sokoni. Katika hilo wana haki kabisa. Kijiji ni kidogo. Ukisoma hadharani ya kwamba mama mmoja wa kigango fulani alipoteza mtoto mwezi wa tatu, hukutaja jina, lakini umelitaja. Kwa hiyo tumepatana ya kwamba jumla za Musoma, Bunda na Butiama zitaunganishwa kabla ya kusomwa. Habari ya mtu mmoja haitasimuliwa ila yeye mwenyewe, au watu wake kama amefariki, wakikubali. Na daftari lenye majina litafungiwa kabatini, wala lisionyeshwe kwa mfadhili, wala kwa mume, wala kwa padre, samahani Baba.

Na nani asikie kwanza? Zamani tulikuwa tukipeleka karatasi kwa wafadhili, kisha nakala jimboni, na akina mama wenyewe hawakusikia neno mpaka siku ya sherehe. Sasa tumeugeuza mpango huo. Hesabu za miezi mitatu zitasomwa kwanza kigangoni, kwa lugha ambayo watu wa pale husemea nyumbani, Kijita, Kizanaki au Kijaluo, na msomaji atakuwa mama wa palepale. Waliopo wana ruhusa ya kukanusha. Kilichokanushwa kitaandikwa pembeni, ndipo karatasi iende kwa mganga wa wilaya, na jimboni, na kwa wafadhili, pamoja na maandishi yale ya pembeni. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tulikaa hata giza likaingia, kwa sababu ya mtumbwi ambao daftari lilisema ulikuwapo na wanawake wote wakasema haukuwapo. Haukuwapo kweli. Ulikuwa umepasuka tangu masika, na mwenyewe alikuwa bado akihesabiwa kati ya watoaji wa vyombo.

Kuanzia mwezi ujao kila kigango kitaleta majina mara moja kwa mwezi, na waalimu walio tayari kuandika wabaki hapa baada ya chakula, tuwagawie madaftari.

Yule bibi ndiye aletaye hesabu ya kigango chake. Hajui kusoma. Huja na kopo la punje za mahindi, punje moja kwa kila mwanamke mwenye mimba, na punje zilizochomwa nyeusi kwa wale tuliowapoteza. Humimina zote juu ya meza yangu, akaketi, akangoja nizihesabu mbele yake na kuzilinganisha na mistari ya daftari. Nikikosea, huzirudisha zote koponi, akanifanya nianze upya.